Mtoto ana 1500 kwenye sataranji: mzazi ashangilie au asubiri?

SATARANJI, ambayo watoto wengi huiita chesi, siku hizi huingia nyumbani kupitia simu ya mzazi. Mtoto huomba simu baada ya kuosha vyombo au kurudisha mifugo zizini, hucheza michezo miwili mitatu, kisha hutangaza kwa furaha: "Mama, nina 1500!"

Mama hajui kama 1500 ni nyingi au ni chache. Baba naye anauliza kama hiyo ni pesa au ni alama za mtihani.

Hapo ndipo makosa mawili huanza.

Kosa la kwanza ni kuichukua namba hiyo kama cheti, mzazi akaanza kutangaza mtaani kwamba amezaa bingwa. Kosa la pili ni kinyume chake: mzazi anasikia kwamba mtoto wa shangazi aliyeko Nairobi ana 1640, anamwangalia wake ambaye hayumo kwenye orodha yoyote, anaamua kwamba mchezo huo si wa watoto wa kijijini.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Mzazi hajaelezwa namba ile inapima nini. Inapima jambo moja tu: mtoto amefanyaje dhidi ya wale aliocheza nao.

Wa kwanza darasani, wa ngapi mkoani?

Katika kijiwe cha drafti, kiwe cha Machochwe, Mugumu au Sirari, hakuna anayetembea na namba. Kila anayesimama pale anajua nani hafungiki, na nani akikaa kwenye benchi ataondoka baada ya dakika tano. Kiwango kipo, ila kimehifadhiwa vichwani mwa watazamaji.

Shida huja pale bingwa wa kijiwe kimoja anapokutana na bingwa wa kijiwe kingine. Watazamaji wa huku hawamjui wa kule, na wa kule hawamjui wa huku.

Wazazi wenye watoto wa shule ya msingi wanaifahamu hali hii vizuri. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza darasani, akawa wa kumi kwenye mtihani wa ujirani mwema, kisha akawa wa mia tatu kwenye mtihani wa utamilifu wa mkoa. Mtoto ni yule yule na akili ni zile zile. Waliobadilika ni wale anaopimwa nao.

Ndivyo ilivyo hata kwenye UMITASHUMTA. Anayeshinda mbio za kata bado hajajulikana ni mwepesi kiasi gani mpaka akimbie wilayani, kisha mkoani.

Namba za viwango vya sataranji zilibuniwa kutatua shida hiyo: kuwaweka watu ambao hawajawahi kukutana kwenye mstari mmoja, bila kusubiri wakutane.

Kazi ya mwalimu wa fizikia

Mfumo unaotumika zaidi duniani unaitwa Elo. Hilo ni jina la mtu. Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akakulia Marekani, akawa profesa wa fizikia katika mji wa Milwaukee na mchezaji mzuri wa sataranji.

Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kutumia hesabu zake mwaka 1960. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, likazichukua mwaka 1970.

Wazo lake ni rahisi. Mchezaji halipwi kwa kushinda peke yake. Analipwa kwa kufanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na anakatwa kwa kufanya vibaya kuliko ilivyotarajiwa.

Matarajio hayo hutokana na tofauti ya namba za wachezaji wawili. Ushindi ni alama 1, sare ni nusu, kufungwa ni sifuri. Wakiwa na namba sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata alama 50 katika michezo 100. Mmoja akimzidi mwenzake kwa 100, anatarajiwa kupata kama 64. Akimzidi kwa 200, kama 76. Akimzidi kwa 400, kama 91.

Tuseme binti mwenye 1400 amekaa mbele ya mtu mzima mwenye 1600. Tofauti ni 200, kwa hiyo binti anatarajiwa kupata alama 0.24 tu katika mchezo huo. Akishinda anapata 1, yaani amezidi matarajio kwa 0.76.

Ziada hiyo huzidishwa kwa namba maalumu. Kwa FIDE, kizidishi cha mtoto aliye chini ya miaka 18 ni 40, mradi hajafika 2300. Kwa hiyo 0.76 mara 40 ni karibu 30. Binti anapanda mpaka 1430.

Akitoka sare, anapanda kwa 10. Akifungwa, anashuka kwa 10 tu, kwa sababu kila mtu alitarajia afungwe.

Yule mtu mzima, ambaye kizidishi chake kwa kawaida ni 20, akifungwa na binti huyo anapoteza 15. Watoto wamepewa kizidishi kikubwa kwa makusudi, kwa kuwa mtoto hubadilika haraka. Mwenye 1400 mwezi Januari anaweza kuwa na uwezo mwingine kabisa ifikapo Agosti, na namba inatakiwa imkimbilie.

Wanaofuatilia nafasi ya Taifa Stars kwenye orodha ya FIFA tayari wanaishi na hesabu ya aina hii. Tangu mwaka 2018, orodha ya FIFA ya timu za wanaume inatengenezwa kwa kanuni iliyotokana na ya Elo. Ndiyo maana kuifunga timu kubwa kunaipandisha timu ndogo sana, na kuifunga timu dhaifu kunaongeza kidogo.

Kila nchi na rula yake

Mbali na orodha ya FIDE, nchi kadhaa zina namba zao za ndani, na namba hizo hazifanani.

Uingereza ilitumia kwa miaka mingi namba za tarakimu tatu, mpaka mwaka 2020 ilipohamia tarakimu nne. Ili kubadilisha ya zamani kuwa mpya, walizidisha kwa 7.5 kisha wakaongeza 700. Mchezaji aliyekuwa na 120 akaamka na 1600.

Ujerumani Magharibi walikuwa na mfumo ulioitwa Ingo, uliobuniwa mwaka 1948 na Anton Hösslinger na kupewa jina kutokana na mji wake wa Ingolstadt. Katika mfumo huo namba ndogo ndiyo bora, kama nafasi ya mtoto darasani. Mchezaji anayelingana na 1600 ya Elo alikuwa na Ingo ya 155, na akiongeza uwezo namba ilipungua. Baada ya Ujerumani mbili kuungana, mfumo mmoja wa taifa zima ulianza mwaka 1993, na humo namba kubwa ndiyo bora.

Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye uwezo ule ule, angeweza kuandikwa 1600 mahali pamoja, 120 pengine na 155 kwingine. Kulinganisha namba hizo bila kuuliza zimetoka wapi ni sawa na kulinganisha bei ya ng'ombe wa Tarime na wa Migori bila kuuliza kama inatajwa kwa shilingi ya Tanzania au ya Kenya.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa mzazi, hata hivyo, ni mahali rula inapoanzia.

Rula ya Marekani inaanzia 100. Mtoto wa darasa la pili huko anaweza kuwa na 300, mwaka unaofuata akawa na 600, kisha 900. Bado ni mchezaji mdogo sana, ila mzazi wake anaona anapanda, na mtoto mwenyewe anaona.

Rula ya FIDE sasa inaanzia 1400. Aliye chini ya hapo hayumo kabisa. Mtoto anayetegemea orodha ya FIDE peke yake anaweza kujifunza kwa miaka miwili, akawafunga wote waliokuwa wakimfunga mwanzo, na kwenye orodha jina lake lisionekane hata mara moja.

Kutoonekana huko hakumaanishi kwamba hajasogea. Maana yake ni kwamba ngazi za chini hazipimwi pale. Nchi zenye namba zao za ndani zinawapa watoto ngazi hizo za chini. Pasipo na ngazi hizo, mtoto hukata tamaa mapema, na mzazi naye hukata tamaa pamoja naye.

Mabadiliko ya Machi 2024

Kuna jambo lingine linalowachanganya wazazi wanaolinganisha watoto wa ndugu.

Zamani orodha ya FIDE ilianzia 1000. Machi 1, 2024, FIDE ilipandisha mwanzo huo mpaka 1400, na wakati huo huo ikawaongezea alama wote waliokuwa chini ya 2000. Kila mmoja aliongezewa sehemu 4 kati ya 10 za pengo lililobaki kufika 2000.

Aliyekuwa na 1000 alipata 1400. Aliyekuwa na 1400 alipata 1640. Aliyekuwa na 1900 aliongezewa 40 tu. Wa 2000 na kuendelea hawakuguswa.

Kwa hiyo yule mtoto wa shangazi mwenye 1640 huenda ndiye yule yule aliyekuwa na 1400 mwaka 2023, bila kuongeza lolote. Anayelinganisha karatasi ya 2023 na ya 2024 analinganisha rula mbili.

FIDE ilifanya hivyo kwa sababu namba za chini zilikuwa zimeshuka kuliko uwezo halisi wa wenye namba hizo. Watoto wengi waliingia na namba ndogo, wakaimarika haraka, na namba zao zikabaki nyuma.

Bwawa lisilo na mkondo

Mwaka 1996 orodha ya Marekani ilionyesha jambo la ajabu. Mchezaji wa pili kwa namba kubwa nchi nzima, mwenye 2702, alikuwa mfungwa katika jimbo la Virginia aliyeitwa Claude Bloodgood.

Hakuwa amewafunga mabingwa wa dunia. Alikuwa akicheza na wafungwa wenzake, mamia ya michezo. Mfungwa mpya alikuja, akaingizwa kwenye hesabu, akapewa namba, akafungwa na Bloodgood, alama chache zikahamia kwa mkongwe, kisha mpya akaondoka na mwingine akaja. Wapo waliomtuhumu kupanga matokeo, naye alikana. Hata bila hila yoyote, bwawa lililofungwa linaweza kumpandisha mtu mmoja mpaka juu ya mawingu.

Kwa watoto, bwawa hilo hilo hufanya kinyume.

Chukulia shule moja ya Machochwe imepata bodi 5 na watoto 10. Mwalimu ameamua kila mmoja aanze na 1000 kwenye daftari. Jumla ni 10,000. Watoto wanacheza wao kwa wao mwaka mzima. Kila alama anayoipata mmoja inatoka kwa mwenzake, kwa kuwa wote wana kizidishi kimoja.

Mwisho wa mwaka jumla bado ni 10,000, na wastani bado ni 1000. Hata kama wote 10 sasa wanacheza vizuri mara tatu kuliko Januari, daftari litasema wastani wao haujasogea. Aliye wa mwisho anaweza kuwa na 850 na kuitwa dhaifu, wakati angewafunga watoto wengi wa mjini wenye namba kubwa kuliko yake.

Namba ya bwawa moja haiwezi kulinganishwa na ya bwawa lingine mpaka maji yakutane. Mchezo mmoja kati ya mtoto wa Machochwe na mtoto wa Mugumu ni mfereji mdogo. Michezo ishirini ni mfereji mkubwa. Bila mfereji, hakuna hesabu itakayomwambia mzazi mtoto wake yuko wapi.

Waswahili husema jogoo wa shamba hawiki mjini. Kwa sataranji, hakuna anayejua kama jogoo huyo angewika mpaka apelekwe.

Mfano wa Katwe

Uganda kuna mtoto aliyepelekwa.

Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, eneo la makazi duni jijini Kampala, mwaka 2004. Miongoni mwao alikuwamo Phiona Mutesi, binti aliyekuwa akiuza mahindi kumsaidia mama yake. Alipoanza, hakuna orodha yoyote ya dunia iliyokuwa na jina lake.

Mwaka 2009 yeye na wavulana wawili wa Katwe walikwenda Juba kwenye mashindano ya watoto wa Afrika, wakarudi washindi. Mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, matokeo yake yalimpatia cheo cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya wanawake vya FIDE. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake, Queen of Katwe, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake.

Filamu huonyesha machozi na ushindi. Kwa hesabu za viwango, somo ni lingine. Katwe lilikuwa bwawa dogo. Kilichoonyesha uwezo wa watoto wale ni safari: kutoka Katwe kwenda kucheza na shule nyingine, kisha Juba, kisha mbali zaidi. Namba zilifuata nyuma.

Namba za kwenye simu

Turudi kwenye ile 1500.

Anayefungua akaunti mpya Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, huanza na 1500. Bingwa na asiyejua farasi anavyoruka wote wanaanzia hapo. Pembeni ya namba kuna alama ya kuuliza, maana yake mfumo bado haujamjua mchezaji. Chess.com nayo humuuliza mgeni anajionaje, na namba ya kuanzia hufuata jibu lake.

Kwa hiyo mtoto aliyecheza michezo miwili akasema ana 1500 hajadanganya. Ameisoma namba aliyokaribishwa nayo mlangoni.

Tovuti hizo hutumia kanuni zilizotokana na kazi ya Mark Glickman, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, ambaye mwaka 1995 aliiongezea hesabu ya Elo kitu kimoja: kiasi cha uhakika. Mchezaji mpya, au aliyekaa muda mrefu bila kucheza, namba yake huruka sana juu na chini. Aliyecheza mingi, namba yake hutulia. Baada ya michezo kama 50 dhidi ya watu tofauti, mzazi anaweza kuanza kuitazama kwa uzito.

Hata hapo, namba ya Lichess si ya Chess.com, na zote mbili si za FIDE. Zaidi ya hayo, FIDE yenyewe ina orodha tatu: ya michezo mirefu, ya haraka na ya kasi sana. Mtoto mmoja anaweza kuwa na namba tano na zote zikawa za kweli.

Kwa usalama, Lichess ina mpangilio wa watoto unaozima ujumbe kutoka kwa wageni, na unapatikana ndani ya akaunti. Mzazi auwashe kabla ya kumkabidhi mtoto simu. Vilevile asishangae namba ikipanda ghafla kwa 300 jioni moja. Mara nyingi ni kaka mkubwa aliyecheza.

Mzazi wa Machochwe afanye nini?

Kutoka Machochwe mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Si kila mzazi anaweza kumpeleka mtoto kwenye mashindano yanayoingia kwenye hesabu za FIDE. Yapo mambo yanayowezekana hapa hapa.

La kwanza ni daftari. Mwalimu au mzazi mmoja anaweza kuwawekea watoto kiwango kwa njia ya zamani ya Uingereza, ambayo haihitaji kompyuta. Kila mtoto anaanza na 50. Mtoto akishinda, anaandikiwa namba ya mpinzani akiongezewa 50. Akifungwa, anaandikiwa namba ya mpinzani ikipunguzwa 50. Akitoka sare, anaandikiwa namba ya mpinzani ilivyo. Mwisho wa muhula unatafutwa wastani.

Kwa mfano, mtoto amemfunga mwenye 60, anaandikiwa 110. Amefungwa na mwenye 80, anaandikiwa 30. Ametoka sare na mwenye 70, anaandikiwa 70. Amemfunga mwenye 90, anaandikiwa 140. Jumla ni 350, gawanya kwa 4, kiwango chake ni karibu 88. Mpinzani akiwa juu au chini yake kwa zaidi ya 40, tofauti ihesabiwe kuwa 40, ili mtoto asiumizwe kwa kupangiwa na mwanafunzi mdogo.

Daftari hilo halimfanyi mtoto kuwa bingwa wa dunia. Linampa ngazi za chini ambazo orodha ya FIDE haina.

La pili ni mfereji. Nauli ya kuwapeleka watoto wanne Mugumu mara moja kwa muhula, au kuwakaribisha wa Tarime wakati wa likizo, ina faida kuliko bando la mwezi mzima la kufukuzia namba kwenye simu. Mabingwa wa daftari wakifungwa wote, wazazi wamejua ukweli. Wakishinda, wamejua pia. Na watoto wa kike wawemo kwenye hao wanne, kwa sababu anayebaki nyumbani kuchota maji kila siku ya mashindano hawezi kuonekana kwenye daftari lolote.

La tatu ni maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Mzazi akiambiwa kuna mashindano ya kumpatia mtoto kiwango cha kimataifa, aulize: Je, yamesajiliwa FIDE kupitia chama cha taifa? Je, mtoto ana namba ya utambulisho ya FIDE, ambayo nayo hutolewa kupitia chama cha taifa? Je, atakutana na wachezaji wangapi wenye kiwango tayari? Ili mtoto apate namba ya kwanza anahitaji angalau michezo 5 dhidi ya wachezaji wenye namba. Mashindano yasiyo na wachezaji hao yanaweza kuwa mazuri, ila hayatampa namba.

Matokeo yanaweza kukaguliwa bure kwenye tovuti ya FIDE. Orodha mpya hutoka kila mwezi, na wachezaji wa Tanzania wameandikwa kwa herufi TAN, wa Kenya KEN na wa Uganda UGA.

La nne ni maneno ya nyumbani. Mtoto akirudi ameshuka kwa 40, asiulizwe kwanza amepoteza ngapi. Aulizwe alicheza na nani, na ni hatua gani angeibadilisha kama mchezo ungerudiwa. Mtoto anayeogopa kushuka huanza kuchagua wapinzani dhaifu, na akishaanza kuwakwepa wenye nguvu ameacha kujifunza. Ile hesabu ya Elo yenyewe inamlinda: kufungwa na mwenye 1600 kulimgharimu binti wa 1400 alama 10 tu, wakati kumfunga kungemletea 30.

Anayemtafuta mpinzani mwenye nguvu anahatarisha kidogo na anaweza kupata kingi. Mzazi anayeelewa hilo hatamlazimisha mtoto wake abaki kuwa wa kwanza kwenye bodi tano za shuleni.